Dakika Kumi na Nane za Modemu

Pingu zilimkaa Redio vibaya, maana mikono yake ilikuwa minene, na kiti alichofungiwa kilikuwa kile cha plastiki ambacho hata mtoto hukibeba kwa mkono mmoja. Inspekta alijua, na Redio alijua, kwamba akiamua kuondoka ataondoka na kiti chake mgongoni. Lakini hakuondoka. Alikaa anatazama sakafu, mtu ambaye tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona kimya kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Ndiyo maana wenzake walimwita Redio, na ndiyo maana kimya chake siku hiyo kilimtisha Inspekta kuliko kama angetukana.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, ukuta mrefu na geti la bati, katika mtaa wa watu wasiojuana. Redio ndiye mlinzi wake. Chumba cha ndani kabisa walikaa Mshonaji na binti yake wa miaka sita, na hao ndio waliofanya nyumba iitwe ya mafichoni. Mshonaji alikuwa ameitwa kwa Tajiri kupunguza mapazia. Alikuwa juu ya ngazi, nyuma ya pazia zito, sindano mdomoni, Tajiri alipoingia na mhasibu wake akampiga risasi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeona. Kesi ilikuwa wiki inayofuata, na bila mwanamke yule hakukuwa na kesi.

Watu wawili tu walijua nyumba ilipo: Inspekta na Redio. Makao makuu hawakujua, na ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo. Ushahidi wa Mshonaji ulirekodiwa humo humo ndani, shuka jeupe likiwa limetundikwa nyuma yake, kisha Inspekta akaupeleka makao makuu kwa mkono wake ndani ya flashi. Nakala moja ilibaki kwenye kompyuta ya sebuleni.

Asubuhi ile mambo yakaharibika. Mtu alimpigia simu Mkuu wa upelelezi akamsomea maneno ya Mshonaji, sentensi baada ya sentensi, mpaka pale mwanamke yule alipokohoa akaomba maji. Rekodi ilikuwa mikononi mwa watu wa Tajiri. Mkuu akamwagiza Inspekta amchukue kijana wa mitambo aende akaikague kompyuta ya mafichoni. Ikionekana rekodi ilitokea huko, basi nyumba imeshajulikana. Mama na mtoto wapelekwe ghala la mbao saa kumi alasiri, gari la makao makuu litawapokea hapo na kuwahamisha.

Kijana huyo wa mitambo kila mtu alimwita Mtaalamu, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli. Inspekta alimnyang'anya simu, akamlaza chini kwenye viti vya nyuma na kumfunika koti ili asijue njia. Aliposhuka alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, akauliza kwa upole kama kurudi kutakuwa vivyo hivyo. Alikaa mbele ya kompyuta, na kabla jasho halijamkauka akawa amekwisha kuona.

"Hii hapa," alisema. "Jana mchana, wewe ukiwa hupo. Modemu imepiga simu nje, imekaa hewani dakika kumi na nane. Rekodi imetokea hapa, Inspekta. Imekwisha hiyo."

Faiba, ile intaneti ya kasi, haikuwahi kufika nyumba ile, kwa makusudi. Kuvuta faiba kunataka mafundi, nguzo, na jina la mwenye nyumba. Waya wa simu wa zamani ulikuwemo ukutani tangu enzi za mpangaji gani sijui, namba yake imefichwa isionekane kwa anayepigiwa, na mwisho wa waya huo walichomeka modemu kuukuu, ya kupitisha intaneti kwenye simu, kwa ajili ya ujumbe mfupi wa dharura. Aliyekuwepo na modemu jana mchana, ukimwondoa Mshonaji ambaye hata kuiwasha kompyuta hajui, ni Redio peke yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Inspekta aliyasema hayo moyoni huku akifunga pingu.

Sasa alivuta kiti kingine akakaa karibu na Redio, magoti yakikaribia kugusana. Alimuuliza nani aligusa kompyuta. Redio akasema hajui. Alimuuliza kama kuna mgeni aliingia. Hakuna. Kama alilala zamu. Hakulala. Akamwambia ukweli ulivyo: kama rekodi imetoka humu, watu wa Tajiri huenda wako njiani sasa hivi, na wakifika hawatachagua nani alikuwa rafiki yao.

"Ulilipwa na nani?" Inspekta aliuliza.

"Sijalipwa na mtu."

"Basi ulimpigia nani kwa modemu?"

Redio alifungua mdomo, na hapo hapo geti likagongwa.

Wote wanne waliganda, pamoja na Mshonaji aliyekuwa ametokeza kichwa mlangoni kuuliza waanze kufunga mizigo au la. Geti liligongwa tena, polepole, kama anavyogonga mtu mwenye hakika kwamba kuna watu ndani. Inspekta alimwashiria Mshonaji arudi chumbani na alale chini na mtoto. Akachomoa bastola. Alitembea uani akiegemea ukuta. Kwenye tundu la geti aliona jicho moja, kisha khanga, kisha ndoo. Ni jirani. Alikuwa anauliza kama na kwao maji yamekatika.

Inspekta alijibu kwamba yamekatika, ingawa hakujua. Jirani akalalamika kidogo juu ya mamlaka ya maji, akaenda zake. Inspekta alibaki ameshika bati la geti kwa muda, huku akijilaani kwa kujibu bila kubadilisha sauti.

Aliporudi sebuleni alimkuta Redio analia. Halii kama mwanamume mzima anayejificha. Analia kweli kweli, kamasi zinamtoka na hana mkono wa kujifutia.

"Mke wangu amejifungua," alisema. "Juzi. Mtoto wa kwanza, Inspekta, baada ya miaka tisa. Umenikataza kutoka, umenikataza simu. Shemeji yangu alinitumia picha kwa barua pepe. Nikasema, picha moja tu, nani atajua? Nimeivuta kwa modemu ile. Nifunge, nimevunja amri. Lakini sijamuuza mtu."

Mtaalamu aliguna. Alisema kwamba mwongo hodari humtanguliza mtoto mchanga. Inspekta alimwambia afunge mdomo aitafute picha.

Haikuchukua muda. Redio aliificha kwenye folda ya ankara za umeme, mahali ambapo alidhani hapana mwanadamu angependa kuingia. Mtaalamu aliifungua, na kioo kizima kikajaa uso wa kichanga, mwekundu, umekunjamana, ngumi moja mdomoni. Pua ilikuwa ya Redio, hapakuhitajika mtaalamu kulisema hilo.

"Ilikuja kama inavyoshushwa kwa kamba," Redio alisema, na sasa maneno yalianza kumrudia. "Kwanza nywele. Nikangoja. Halafu paji la uso. Nikaenda kuangalia geti, nikarudi, ndiyo kwanza nyusi. Nilipofika kidevuni nilikuwa nimeshampa majina matatu."

Inspekta aliacha kumsikiliza. Alikuwa ameinama kwenye kioo.

"Hii picha ina uzito gani?"

"Megabaiti tano na kidogo," alisema Mtaalamu. "Ya simu hizi mpya, zinapiga picha kubwa bila sababu."

"Na iliingia saa ngapi?"

Mtaalamu aliangalia. Picha ilikamilika kuingia dakika ile ile modemu ilipokata simu.

Inspekta alivuta kiti. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya bahasha; hesabu haikumtisha kama geti. Picha ya megabaiti tano ilikula dakika kumi na nane zote. Rekodi ya Mshonaji ilikuwa megabaiti mia saba. Picha ngapi za kichanga huyu zinaingia ndani ya rekodi hiyo? Mia moja na arobaini. Zidisha kwa dakika kumi na nane.

"Saa arobaini na mbili," alisema.

Mtaalamu alitikisa kichwa. Kwa heshima zote, alisema, hiyo haiwezekani. Makao makuu rekodi ile ile aliihamisha yeye mwenyewe kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine kabla hajamaliza kukunja mikono ya shati.

"Kwa faiba," Inspekta alisema. "Faiba yenu inapitisha biti ngapi kwa sekunde?"

"Milioni mia."

"Biti nane ni baiti moja. Gawanya kwa nane."

"Baiti milioni kumi na mbili na nusu. Mega kumi na mbili na nusu kila sekunde." Mtaalamu alikuwa anapiga hesabu kwa midomo. "Mega mia saba... haifiki dakika moja."

"Haya. Modemu hii imeandikwa hamsini na sita. Hamsini na sita nini?"

"Mega."

"Kilo, baba. Biti elfu hamsini na sita, na hizo ni za kuandikwa kwenye boksi. Kwa waya huu wa zamani zinafika arobaini, ukibahatika. Gawanya kwa nane, una baiti elfu tano kwa sekunde. Hapo ni kupokea. Kutuma ni polepole zaidi. Hata angekaa na modemu usiku na mchana tangu jana, rekodi isingekuwa imekwisha kutoka mpaka hivi sasa."

Mtaalamu alichukua bahasha. Alirudia hesabu yote kwa njia yake, kutoka biti kwenda juu, na alipofika chini alipata jibu lile lile, limeongezeka saa chache. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba waya huu na faiba vimepishana karibu mara elfu tatu kwa kutuma. Ni kama mtu amwage pipa zima kwa mkupuo na mwingine alimalize kwa kijiko cha chai.

Inspekta alisimama akamfungua Redio pingu. Hakumwomba radhi, alimpa tu leso yake. Redio akasema hakuna neno, ila mtoto akikua ataambiwa.

Hapo wangepaswa kufurahi. Lakini hesabu ile ilikuwa na upande wa pili. Kama rekodi haikutoka hapa, basi imetoka makao makuu, mahali pekee pengine ilipokuwapo. Kama imetoka makao makuu, watu wa Tajiri wana rekodi lakini hawana nyumba. Wameona shuka jeupe, basi. Nyumba iko salama. Kilichobaki kwao ni kumfanya Mshonaji atoke mwenyewe, kwa miguu yake, aende mahali wanapopajua. Ghala la mbao, saa kumi.

Aliangalia saa. Ilikuwa inakaribia saa nane.

"Mtaalamu," alisema. "Nani alikuambia dakika kumi na nane zinatosha?"

Kijana alibabaika. Alisema hakuambiwa dakika kumi na nane hasa. Aliambiwa akikuta muunganisho wowote unaozidi dakika kumi na mbili, basi hiyo ndiyo rekodi. Aliyemwambia alimpigia hesabu kabisa: faili ni mia saba, modemu ni hamsini na sita, gawanya, unapata kumi na mbili na nusu.

"Mega kwa kilo na sekunde kwa dakika, kama machungwa kwa kokoto," Inspekta alisema. "Nani huyo?"

"Mkuu mwenyewe. Mimi nilitaka kuhakikisha, Inspekta, haki ya Mungu. Akaniambia wewe umezaliwa na faiba, hizi modemu nimezeeka nazo mimi. Ningembishia vipi mtu mzima?"

Inspekta alikaa chini taratibu. Mkuu alisema kweli, alizeeka nazo. Miaka ishirini iliyopita Inspekta alikuwa karani mpya katika chumba cha alama za vidole, na Mkuu ndiye aliyekuwa bosi wake humo. Walikuwa wakituma kadi za vidole kwenda mikoani kwa modemu, wawili peke yao, na kazi kubwa ilikuwa kungoja. Kosa la hesabu ile angeweza kulifanya kijana. Angeweza kulifanya waziri. Mkuu asingeweza kulifanya hata akiwa na homa.

Kwa hiyo Mkuu alikuwa amedanganya, na alijua anadanganya. Mtu aliyemfundisha kazi, aliyekuja kwenye msiba wa mama yake na kubeba jeneza, alikuwa anamtaka ampeleke mwanamke na mtoto wa miaka sita wakachinjwe kwenye ghala. Inspekta aliweka uso viganjani. Redio alimuuliza kama amletee maji, akakumbuka kwamba huenda yamekatika.

Walikuwa wamekubaliana apige simu saa nane kutoa taarifa. Angeacha kupiga, Mkuu angejua amegundua. Alinyanyua simu ya mezani, akapiga, akawaashiria wengine wasipumue.

Mkuu alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Aliuliza kijana kaona nini. Inspekta alimwambia: muunganisho wa dakika kumi na nane.

"Basi ndiyo hiyo," Mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. Nyuma yake mtu alikohoa, kikohozi cha mtu mwingine, na mlango wa ofisi ile Mkuu huufunga kwa ufunguo kila mchana ili asali na kula peke yake.

Kikohozi kile ndicho kilichomfanya Inspekta aulize jambo ambalo hakuwa amepanga.

"Mkuu, unakumbuka chumba cha vidole?"

"Nakumbuka."

"Kadi moja kwa modemu ile. Tulikuwa tunangoja muda gani?"

Inspekta alisikia pumzi ya mzee ikipanda na kushuka. Kama ni msaliti atasema dakika mbili tatu, kulinda uongo wake. Inspekta alijikuta anaomba Mungu, na hakujua anaomba jibu lipi.

"Tulikuwa tunapika chai," Mkuu alisema. "Tunakunywa, tunaosha vikombe, na kadi bado haijafika. Wewe ulikuwa na haraka. Nilikuwa nakuambiaje?"

"Nipige hesabu kwanza, ndipo nitoke."

"Umepiga?"

"Nimepiga, Mkuu."

"Vizuri," alisema mzee, na neno hilo lilitoka na pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo. Halafu akapaza sauti, kwa ajili ya masikio mengine. "Saa kumi, ghala la mbao. Mlete mama na mtoto. Usichelewe."

Inspekta alielewa yote kwa mara moja, na kuelewa kulimuuma. Mkuu alikuwa ameshikwa. Walimwamuru atunge sababu ya kumtoa Mshonaji mafichoni, naye akatunga mbovu. Akaijaza kosa ambalo wao, wenye faiba, wasingeliona hata wangelikalia, na ambalo mtu mmoja tu duniani asingelikosa. Kijana alitumwa na uongo kama mtu anavyotumwa na barua asiyojua kuisoma.

"Tutakuja, Mkuu," alisema.

"Wote?"

"Wote."

"Ahsante, mwanangu." Simu ikakatwa.

Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Aliwaeleza wengine kwa maneno machache. Mshonaji, aliyekuwa amesimama mlangoni na begi mkononi, aliliweka chini. Aliuliza, sasa mzee yule itakuwaje saa kumi ikifika na gari lisionekane?

Inspekta alipiga simu ya pili, kwa kamanda wa kikosi cha mahakama, mtu asiyekuwa chini ya makao makuu wala chini ya faiba yao. Kamanda alisema atajitahidi, ila vijana wake wako mbali na saa kumi ni karibu mno. Inspekta alimshukuru. Akahesabu risasi zake, akachukua funguo za gari.

Redio alisimama mbele ya mlango. Alisema kwenda peke yake ni wazimu, na kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

"Wanangoja gari," Inspekta alisema. "Wakiliona linakuja watangoja lifike. Hizo ni dakika ambazo mzee atakuwa hai, na kikosi kitakuwa njiani. Amenitumia ujumbe kwa roho yake, nikae hapa nisubiri matanga?"

Mtaalamu alikuwa amekaa na bahasha mapajani. Redio alichukua bunduki yake kutoka nyuma ya kabati akamsindikiza uani. Jua lilikuwa kali na mtaa ulikuwa kimya. Inspekta aliingia garini, akateremsha kioo, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama mlinzi wake machoni.

"Ukifunga geti hili, hufungui," alisema. "Kwa yeyote. Hata nikirudi mimi. Kama siko peke yangu, hufungui."

"Na ukiniita kwa jina langu halisi, si Redio?"

Inspekta aliwasha gari.

"Hasa nikikuita kwa jina lako."